Kanzu Isiyomtosha Baba

Malaba,
Jumanne, saa nane mchana.

Mama yangu mpendwa,

Salamu hizi ni zako wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote hapo nyumbani. Goti la kushoto linasemaje? Bado unapanda nalo kilima kwenda kanisani, au umekubali kubebwa na pikipiki? Na kikohozi cha Baba, kile cha alfajiri, kimepungua? Sisi huku miili ni mizima. Neema na mdogo wake wako shule. Mimi niko dukani, mashine ya fotokopi nimeizima, na mlangoni nimetundika kibao cha kusema narudi sasa hivi, ingawa niko ndani nakuandikia.

Barua hii nampa Mwakio, mtoto wa jirani yetu anayeendesha trela. Gari lake limepata kibali leo na kesho asubuhi anashuka Mombasa. Ameniahidi atapanda nayo kutoka Voi mpaka mlangoni kwako. Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo huishika Baba, na huwa anaiwekea sauti kubwa mpaka mbuzi wanasikia. Neno hili nataka ulipate wewe kwanza, ukiwa umekaa.

Neno lenyewe ni hili. Wageni wa Desemba hawaji. Mwambie Baba asimalize kupaka chokaa chumba cha mbele. Ojiambo, baba wa watoto wangu, haji kujitambulisha kwenu wala kuwaletea mbuzi. Miaka kumi na moja nimekaa naye, watoto wawili, na ile ahadi aliyoitoa Pasaka mbele ya mama yake kwamba mwaka huu hauishi kabla hajafika Wundanyi, niliyowapigia simu usiku uleule kuwaambia, iondoeni akilini. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Unajua nina daftari langu ninaloandika kila siku tangu kidato cha pili. Liko hapa mbele yangu, ili nisiongeze neno wala nisipunguze.

Mwezi jana, siku ya Alhamisi, Ojiambo alirudi kutoka ofisini akiwa anacheka peke yake. Unajua kazi yake ni kuwaandalia wenye malori karatasi za forodha, na siku za malori mengi hata chai hanywi. Akasema, "Mama Neema, funga duka siku nne. Nakupeleka Kampala."

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Kwani watu wengine hutembea kufanya nini? Halafu tununue vitu vya wazee. Desemba inakuja mbio, na mimi siendi kwa watu mikono mitupu."

Mama, niliandika maneno hayo katika daftari na nikayapigia mstari.

Watoto tuliwaacha kwa nyanya yao Funyula. Ijumaa asubuhi tukavuka hapa Malaba kwa miguu, vitambulisho mkononi, na upande wa pili tukapanda basi. Miaka kumi na moja naishi hatua chache kutoka Uganda, nachapa barua za madereva wanaotoka huko, na nilikuwa sijafika mbali zaidi ya Tororo. Ojiambo alinipa kiti cha dirishani. Pale Jinja, tulipovuka Mto Nile, aliniamsha nione maji.

Sitakudanganya, siku zile zilikuwa nzuri. Tulipata chumba safi cha juu, na kutoka dirishani mji ulionekana umekalia vilima vyake kama kwetu, ila kwetu kilimani kuna migomba na kwao kuna mabati. Jumamosi alinipeleka katika msikiti mkubwa ulio juu ya kilima, ule ambao wageni huruhusiwa kupanda mnara. Pale mlangoni walinipa vitambaa nijifunike kichwa na miguu. Ojiambo alinitazama akasema, "Sasa umekuwa Hajati. Nikikurudisha Malaba hivi, padri atanikamata." Ngazi zinazunguka na kuzunguka. Nilianza kuzihesabu, nikapoteza hesabu kwa kucheka. Nikichoka alikuwa ananisukuma mgongoni kwa mikono miwili. Kule juu alinionyesha kilima kimoja kimoja, hapa makaburi ya wafalme, kule kanisa kuu, kule mbali ziwa. Halafu akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo Malaba hajalifanya hata siku moja.

Nimeusoma ukurasa wa siku hiyo mara nyingi tangu juzi. Nautafuta uongo na siuoni. Hilo linaniumiza kuliko mengine.

Jumatatu ndiyo ilikuwa ya kununua. Tulizunguka yale majengo ya katikati ya mji yenye maduka juu ya maduka, mpaka tukafika kwa mama mmoja muuza nguo za heshima, kanzu na gomesi. Gomesi ni lile gauni refu lenye mabega yaliyosimama, linalofungwa mshipi mpana kiunoni, ambalo hata huku akina mama wazee wanalivaa. Yule mama alitukalisha kwenye mkeka akaagiza soda.

"Ssebo," akamwita Ojiambo, ndivyo kwao wanavyomwita bwana, "hizi ni za nani?"

"Za wakwe," Ojiambo akasema.

"Eeh! Mkwe hapewi nailoni. Ngoja nikuonyeshe hariri. Sherehe ni lini?"

Mimi nikasema Desemba. Ojiambo wakati huohuo akasema karibuni tu. Yule mama akatutazama, akacheka, akasema, "Mkubaliane kwanza, mimi nakunja nguo."

Nilikuchagulia gomesi ya kijani, rangi ya sare yenu ya kanisa. Ojiambo akairudisha. Akasema wazee wanapenda zambarau. Nikamwambia mama yangu hajawahi kuvaa zambarau tangu nizaliwe. Akasema, "Basi ataanza." Nikakubali, nikidhani ni mwanamume anayetaka kutoa kitu kikubwa kwa macho yake mwenyewe.

Halafu kanzu. Nilimuuliza Baba ambaye ni mzee wa kanisa atavaaje kanzu. Muuzaji akaniambia kwao hata askofu huvaa, ni vazi la mzee anayeheshimiwa, na juu yake koti. Hapo ndipo nilipokupigia simu, Mama. Ulimsimamisha Baba mlangoni ukampima kwa utepe wa cherehani, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, na nilikusikia ukimwambia asivute pumzi kama kuruta. Inchi hamsini na nane. Niliandika katika kiganja, kisha katika daftari. Nikampa Ojiambo namba hiyo, naye akasema nikaangalie vikapu upande wa pili, yeye atamalizana na muuzaji.

Nilikwenda kuangalia vikapu. Nilichagua sita, vile vya ukindu vyenye mistari. Niliporudi kanzu ilikuwa imeshakunjwa, na juu yake gomesi ya pili.

"Na hii?"

"Ya shangazi ya binti," muuzaji akajibu kabla yake. "Shangazi asipovishwa, binti hatoki ndani siku hiyo."

Mama, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilisema moyoni, kumbe amemkumbuka hata Shangazi, na kila nikimtaja huwa anajifanya hasikii. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni dada wa bwana harusi, kwa sababu kwao ni dada na shangazi wa mwanamume wanaokuja kununua na kubeba vikapu. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi ndiye bibi harusi mwenyewe. Akapiga makofi. "Bibi harusi unajinunulia? Wakenya nyinyi!" Ojiambo alikuwa akifunga kamba, na hakuinua kichwa.

Tuliporudi Malaba niliona ni vizuri vikapu viandaliwe mapema. Nina karatasi za kung'aa dukani, nina utepe, nina mkasi mzuri. Kila kikapu nilikifunga, sukari chini, sabuni, chumvi, majani ya chai, na katika vitatu nguo juu. Ojiambo akaniomba niandike kadi. "Mwandiko wako unapendeza," akasema, "lakini usiweke majina. Andika tu Baba, Mama, Shangazi. Majina ya kwenu nitayakosea nikisoma." Nikaandika kwa ile kalamu ya dhahabu ninayoandikia vyeti.

Kabla ya kuifunga kanzu niliikunjua. Ni mazoea yangu, naangalia kila kitu mara mbili. Nikaipima. Inchi hamsini na moja, na upana wa kuingia watu wawili kama Baba. Baba yangu akiivaa hiyo itamfika katikati ya ugoko kama kaptula ya mlinzi. Nilimwambia Ojiambo. Hakushtuka hata kidogo. Akasema fundi wa hapo Malaba atairekebisha. Nikamuuliza fundi ataongezaje inchi saba. Akanikemea kwamba napenda kutafuta makosa. Nikaandika katika daftari: "Kanzu haimtoshi Baba. Kumkumbusha O. kabla ya Desemba." Hayo tu. Mimi ambaye dereva akiniletea fomu yenye namba moja iliyokosewa namrudisha, niliiona kanzu ya mtu mfupi mnene, nikaikunja vizuri, nikaifunga utepe.

Siku tatu baadaye vikapu aliviondoa. Alisema nyumbani panya watavitoboa, ofisini kuna kabati.

Jumamosi ya wiki iliyofuata aliniambia anakwenda Bugiri, ng'ambo, kuna lori limeharibika likiwa na mzigo wa mteja. Alivaa koti. Nilimuuliza koti la nini kwa lori bovu, akasema mteja ni mtu mkubwa. Nilimpigia pasi shati.

Jumapili, baada ya kanisa, alikuja Mama Amoit. Huyu ni jirani yangu wa kabila la Wateso anayeuza uji na mihogo mkabala na duka langu, na mtoto wa dada yake ameolewa hukohuko Bugiri. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Neema, umekula?"

"Bado."

"Basi kula kwanza."

"Mama Amoit, nini? Sema."

"Mimi sisemi. Nikisema utasema Mama Amoit ana mdomo. Shika simu uone mwenyewe, halafu unirudishie, nimeacha uji motoni."

Ilikuwa video aliyotumiwa na mtoto wa dada yake, sherehe ya jirani yao. Turubai jeupe, viti vya plastiki vimefunikwa vitambaa. Wanawake wanaingia kwa msururu, vikapu kichwani, wanapiga magoti kwenye mkeka mmoja baada ya mwingine. Vikapu vyenye mistari. Karatasi yangu ya kung'aa, utepe wangu. Kamera ikasogea karibu na kadi moja, na nikausoma mwandiko wangu: Shangazi. Kisha nikamwona mzee mmoja mfupi, tumbo mbele, amesimamishwa kuvishwa kanzu, na ilimtosha kana kwamba alizaliwa nayo. Ojiambo amekaa mbele amevaa kanzu na koti lile, na mkononi ameshika jogoo wa kumpa shemeji yake. Jogoo anampiga mabawa usoni, na watu wanacheka, na yeye pia anacheka.

Mama Amoit akasema, "Angalau jogoo alijaribu."

Nilicheka, Mama. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Kisha nikamwona mama mkwe wangu katika safu ya wageni wa upande wa mwanamume, mikono kifuani, akiimba. Mama yake Ojiambo, ambaye Pasaka aliniambia Desemba atakwenda Wundanyi kwa miguu yake akawaone waliomzaa mke wa mwanawe.

Nikampigia hapohapo. "Mama, nimekuona Bugiri."

Akasema, "Mwanangu, kijana wangu aliniita nikaenda. Wewe, Neema wako akikuita, utakataa?"

Nilikata simu.

Ojiambo alirudi saa kumi jioni na mkungu wa ndizi begani. Aliuweka jikoni, akaniuliza watoto wako wapi. Nikamwambia wako kwa Mama Amoit, na nyama ya sherehe kama amebakiza ailete pia. Akakaa. Hakukana, na hilo namshukuru. Ni binti wa kule Bugiri, anauza vipuri vya malori upande wa pili wa daraja la mpakani, na ni mwaka wa tatu sasa.

"Vikapu nilivyofunga mimi, Ojiambo. Kadi nilizoandika mimi."

"Ningemwambia nani? Wewe una jicho la kuchagua. Mimi ningenunua takataka."

"Kwa hiyo ulinipeleka Kampala nikakuchagulie."

"Nilikupeleka kutembea. Kutembea ilikuwa kweli. Na vitu ilikuwa kweli. Mama Neema, kule wazazi wake walikaza. Walisema bila kujitambulisha nisikanyage tena. Ningefanyaje?"

"Na kwetu?"

"Kwenu?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. "Kwenu hawakuwahi kuniuliza. Hata siku moja. Baba yako ni mtu mpole, anangoja. Na Desemba iko palepale, kwenu pia nitaenda. Mwisho wa mwezi nampigia mzee mwenyewe tupange."

Kwenu pia. Nimeliandika neno hilo peke yake katika ukurasa wa Jumapili.

Jana asubuhi nilizikunja nguo zake zote, mashati kwa mashati, suruali kwa suruali, nikazitia katika masanduku mawili na kuzipeleka ofisini kwake kwa mkokoteni, saa nne, foleni ya madereva ikiwa mlangoni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nyumba ni ya kupanga na mkataba una jina langu. Duka ni langu. Watoto wataendelea na shule hapa mpaka muhula uishe. Usiogope kwa ajili yetu kwa upande huo.

Sasa nafika pale ninapopaogopa, na ndiyo sababu hasa imekuwa barua.

Ojiambo aliposema kwenu hawakuwahi kuniuliza, nilinyamaza. Alidhani ni uchungu. Nilinyamaza kwa sababu, kwa jinsi anavyojua yeye, ni kweli. Mwaka ule Neema alipoanza kutembea, Baba aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Unaikumbuka, wewe ndiye uliyemletea karatasi. Wazee wawili wakatia sahihi, na mimi nikaibeba kuja kumpa Ojiambo. Kabla ya kuifunga Baba alitusomea: ilimuuliza kwa heshima anakuja lini kuwaona waliomlea mke wake. Wakati huo alikuwa ametoka kufukuzwa kazi yake ya kwanza, usingizi hapati, chakula hali, na nilidhani akiisoma atanikimbia. Sikumpa. Nilimpigia Baba nikamwambia ameisoma na anaomba muda. Mwaka uliofuata Baba aliponiuliza nikasema vilevile, na uliofuata vilevile. Ojiambo hakuomba muda, Mama. Hakujua kwamba kuna aliyemuuliza. Barua ninayo bado, haijafunguliwa.

Alichonifanyia Ojiambo ni chake, na simpunguzii hata kidogo. Lakini hili ni langu. Najua Baba atakavyokuwa akisikia habari hizi. Atakaa nje peke yake, atasema upole wake ndio umeniponza, kwamba angepanda gari mpaka Malaba akasimama kwenye mlango wa kijana huyo, akakaza kama wale wazee wa Bugiri. Usimwache aseme hivyo. Mwambie aliuliza, tena kwa maandishi mazuri, na binti yake ndiye aliyeificha sauti yake kwa miaka minane. Msomee kipande hiki kama kilivyo, usikipunguze makali kwa kunionea huruma. Ila subiri ale kwanza.

Na simu ya mwisho wa mwezi ikija, najua Baba atatamani kusema karibu. Amelingoja neno hilo muda mrefu. Namwomba aseme hapana, na aseme ni mimi niliyemtuma. Sitaki kupelekewa mbuzi na mtu anayemalizia orodha.

Nisalimie Shangazi, umwambie ile gomesi niliyomwahidi ipo mahali ila si yake, nitamweleza mwenyewe. Msalimie kaka yangu Mwadime na mkewe, na yule mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba. Msalimie mwenyekiti wa kwaya yenu. Mwalimu wangu wa zamani pia, ukikutana naye sokoni, ingawa kwake usiseme lolote.

Shule zikifunga nitakuja na watoto. Kama Baba atakuwa hajawa tayari kuniona, nitafikia kwa Shangazi, na watoto watakuja kwenu kuwasalimu bila mimi. Sitaingia uwanjani kwake mpaka aniite mwenyewe.

Ni mimi binti yako wa pili, anayekupenda,
Mghoi